Dakika ya Kumnyamazia Mlango

Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa fundi bomba na watu walimpenda. Jumamosi alikuwa refa, na watu hao hao walimtukana mpaka makoo yakawakauka. Yeye hakuona ajabu. Alisema mtu anayekugongea asubuhi kwa sababu choo chake kimefurika ana haki ya kukuita mwizi jioni kwa sababu umemnyima penalti. Mama yake, alipokuwa hai, alikuwa akija uwanjani na kigoda chake, anakaa nyuma ya goli na kusikiliza namna anavyotukanwa yeye, mzazi wa refa. Wakirudi nyumbani alimwambia mwanawe, "Leo wamenitukana vizuri. Wiki iliyopita walikuwa wavivu."

Alikuwa mfupi, mwenye kitambi cha kiasi na miguu ya haraka isiyofanana na kitambi hicho. Filimbi aliifunga kwa kamba ya kiatu. Saa yake ilikuwa ya plastiki nyeusi, na aliiamini kuliko alivyoamini redio. Akiingia jikoni kwa mtu kutazama bomba linalovuja, kwanza hachukui spana. Anainama, anatazama saa, anahesabu. "Matone arobaini kwa dakika," anasema. "Hili si la leo wala kesho. Lakini keshokutwa utaogelea."

Uwanjani alikuwa vile vile. Mchezaji akijiangusha na kugaagaa, Refa anasimama pembeni yake, anasimamisha saa na kumwambia kwa upole, "Lala tu kaka, tunakusubiri." Kila sekunde iliyopotea aliirudisha mwishoni. Siku moja aliongeza dakika kumi na nne, kwa sababu mpira ulianguka kwenye shimo la taka nyuma ya ukuta na hakuna aliyetaka kuufuata. Katika miaka ishirini na sita ya kuchezesha hakuwahi kumpunja mtu muda, isipokuwa katika jambo moja, nalo ni dakika ya ukimya.

Kila alipofariki mtu wa mpira, timu zilisimama duara katikati ya uwanja na Refa akapuliza filimbi ya kuanza dakika moja ya kumkumbuka. Dakika hiyo haikuwahi kufika. Mashabiki wa uwanja ule hawakuweza kunyamaza. Walikuwa wamelipa kiingilio ili wapige kelele. Baada ya sekunde kumi au kumi na mbili mtu alikohoa, mwingine akamcheka aliyekohoa, na Refa, kuepusha aibu, alipuliza filimbi ya kumaliza. Watu wakapiga makofi. Miaka ilivyokwenda, ikawa desturi: sekunde kumi na tano, filimbi, makofi. Hata mwanzilishi wa klabu, aliyeuza baiskeli yake ili kununua jezi za kwanza, alipata sekunde kumi na nane tu, na zile tatu za ziada ni kwa sababu Refa alikuwa ameingiwa na vumbi jichoni.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka alipokufa Mlango.

Mlango alikuwa kipa wa timu ya mtaa kwa misimu mitatu, na jina hilo alipewa na mashabiki wake mwenyewe. Walisema ukitaka kumfunga huna haja ya kupiga shuti. Bisha hodi tu, utakaribishwa. Kipindi kimoja alifungwa mabao saba. Baada ya bao la saba alimrushia Refa glavu, akapewa kadi nyekundu, akatoka huku uwanja mzima ukimwimbia wimbo wa kumtoa bibi harusi nyumbani kwao. Baada ya miezi miwili akajiunga na jeshi. Mtaa ukacheka tena: "Sasa mipaka ya nchi imepata kipa."

Miaka sita baadaye walimpeleka nje, pamoja na wenzake, kulinda amani ya watu wengine. Siku moja katika taarifa ya habari ya mchana ikasomwa kwamba gari lao lilishambuliwa njiani, wakisindikiza malori ya unga, na askari watano wamepoteza maisha. Jina lake lilikuwa la tatu.

Watu walipokea habari hizo kila mmoja kwa mdomo wake. Muuza dawa alibandika picha ya Mlango kwenye kioo cha duka lake, juu yake akaandika "Shujaa Wetu", na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, shujaa akawa kati ya tangazo la dawa ya kikohozi na tangazo la dawa ya minyoo. Kinyozi, ambaye duka lake lilikuwa mkabala, alisema kwa sauti ya kuvuka barabara, "Shujaa wa nini? Alifuata posho. Kule wanalipwa kwa fedha za kigeni."

"Na wewe hapo unanyoa kwa mapenzi?" muuza dawa akamjibu.

"Mimi nikikosea mkasi hakuna anayepigiwa mizinga."

Wengine waliuliza ilikuwa vita ya nani hasa. Mwalimu wa jiografia alipoombwa aionyeshe nchi ile kwenye ramani, aliweka kiganja kizima ili asikosee. Na upande wa juu wa mtaa, karibu na karakana ya matofali, walikuwepo watu ambao hawakusema kitu. Hao walikuwa na sababu yao. Miaka miwili nyuma, siku ya maandamano ya kupinga bei ya mafuta ya taa, wanajeshi walipita upande ule na marungu, na hawakuuliza nani ameandamana na nani ametoka kununua mkate.

Refa naye alikuwa na lake. Alilisema kwenye kiti cha kinyozi, povu likiwa shingoni: "Yule tabia yake ilikuwa kutoka golini bila sababu. Nilimwambia mara ngapi? Kipa anakaa golini kwake." Watu walicheka sana. Maneno yakatoka pale, yakavuka barabara, yakakata kona, na kabla ya saa nane mchana yakawa yamefika kwa dada wa marehemu.

Dada huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, na ndivyo alivyoitwa, Mshonaji. Alimlea Mlango tangu wazazi wao walipofariki, yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na saba tu. Siku nne baada ya mazishi alimtuma jirani amwite fundi bomba, kwa kuwa bomba la jikoni lilikuwa linavuja.

Fundi alikwenda. Alikuta cherehani mbili, rundo la sketi za bluu, na chini ya sinki bomba lenye matone hamsini na tano kwa dakika. Alijilaza chali, akaingiza kichwa kabatini. Hapo ndipo Mshonaji alipoanza kuzungumza, na hakuna ubishi kwamba alichagua wakati.

"Fundi, nasikia umesema ndugu yangu alikuwa na tabia ya kutoka golini."

Spana iliteleza. Kichwa cha fundi kikagonga bomba.

"Dada, yale yalikuwa maneno ya kwa kinyozi."

"Sijakuita kwa ugomvi. Ni kweli alikuwa anatoka. Tangu mtoto. Namwambia kaa hapa, nageuka kuchukua uzi, nikirudi hayupo."

Akiwa kabatini Fundi hakuwa na mahali pa kutazama. Akakaza nati ambayo tayari ilikuwa imekaza.

"Ulikuja kwenye uwanja wa ndege walipowaleta?" Mshonaji akauliza.

"Nilikuwa na kazi, dada."

"Basi nikueleze. Majeneza matano, kila moja na bendera. Bendi ikapiga. Waziri akasema tusimame dakika moja tuwakumbuke. Dakika moja, Fundi, kwa watu watano! Nikapiga hesabu palepale: sekunde kumi na mbili kwa kila mtu. Na katika zile zetu, simu ya waziri ikalia."

"Ulijuaje kuwa zilikuwa zenu?"

"Jeneza letu lilikuwa la tatu. Nilikuwa nahesabu."

Hesabu ni kitu alichokiheshimu Fundi. Alitoa kichwa kabatini. "Akaizima?"

"Akapokea. Akasema, nipo msibani, nitakupigia."

Bomba, kwa mara ya kwanza siku ile, halikudondosha tone.

"Nataka dakika yake mwenyewe," Mshonaji akasema. "Jumamosi, pale uwanjani, mbele ya hao hao waliomwimbia wimbo wa bibi harusi. Sitaki hotuba, sitaki picha, sitaki mtu aseme shujaa. Sekunde sitini, watu kimya. Basi."

"Dada, ule uwanja haujawahi…"

"Najua. Mwanzilishi wa klabu mlimpa kumi na nane."

"Ulihesabu na hiyo?"

"Mimi nashona, Fundi. Nikiacha kuhesabu mtoto wa watu anakwenda shule na mguu mmoja wa suruali."

"Watu wengine hawatanyamaza. Wa kule juu, unajua yaliyowapata."

"Najua. Sasa wasiponyamaza wewe utafanya nini? Wewe si refa? Au urefa wako ni wa kuwapa watoto wa watu kadi nyekundu tu?"

Fundi aliahidi. Tena alikaza lile bomba kwa aibu nyingi hivi kwamba kesho yake Mshonaji alilazimika kumwita jirani mwenye nguvu alifungue.

Katibu wa ligi aliposikia, alishika kichwa. "Mpe robo dakika kama binadamu wengine! Ukiwapa watu dakika nzima ya kunyamaza, umewapa dakika nzima ya kuzomea."

"Nimeahidi sitini."

"Hatuna taa, Refa. Jua likizama mechi imekufa."

"Basi tutaanza mapema kunyamaza."

Mke wake alimpigia pasi kaptula nyeusi na kumwambia kwa huruma ya miaka mingi, "Nenda mume wangu. Leo angalau watakutukana kwa sababu ya maana."

Jumamosi saa kumi na nusu jioni uwanja ulijaa mpaka juu ya ukuta. Wengi hawakuja kwa ajili ya mechi, walikuja kuona kama kweli dakika inaweza kufika. Mshonaji alikaa benchi la mbele, upande wa geti la mabati, mkoba mapajani. Wachezaji walisimama duara. Refa alichukua kipaza sauti cha katibu, kile chenye sauti ya mtu aliyefungiwa kwenye pipa.

"Tutanyamaza dakika moja kumkumbuka kipa wetu wa zamani," akasema. "Sikilizeni sana. Dakika ya leo ina sekunde sitini. Mtu akifungua mdomo nasimamisha saa, naanza sifuri. Nina muda. Nimekunywa chai."

Filimbi.

Sekunde ya tisa, muuza maji aliyeingia akiwa amechelewa akapaza, "Baridiii! Maji baridiii!" Watu wakacheka. Refa akainua mkono, akaonyesha saa. Sifuri.

Filimbi. Safari hii walinyamaza kweli. Watu walitazama viatu vyao kwa heshima. Lakini ilipofika sekunde ya kumi na tano uwanja mzima, jukwaa hili na jukwaa lile, ukapiga makofi. Hakuna aliyekusudia. Mikono ilijua yenyewe kwamba sasa ndio wakati. Muuza dawa, aliyevaa suti, alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, kisha akaitazama mikono yake kama watoto waliomtia aibu mbele ya wageni. Sifuri.

Mara ya tatu walifika ishirini na mbili, rekodi ya uwanja. Ndipo kinyozi akashindwa.

"Alifuata posho jamani! Tusidanganyane!"

"Kaa kimya wewe, una roho ya wembe!" akafoka muuza dawa.

"Mlimzomea hapa miaka mitatu, leo mnamlilia! Wanafiki wakubwa!"

"Nilimzomea kwa sababu nilimpenda!"

"Na saba zile ulipenda pia?"

Jukwaa likaanza kubishana lote kwa pamoja. Wapo waliosema mtu akifa kazini ni kazini tu, hata fundi umeme hufa na hakuna anayempigia bendi. Wapo waliosema amekufa akisindikiza unga, si akiiba unga. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini watoto wa mawaziri hawalindi amani ya mtu, na hilo lilipigiwa makofi na pande zote. Refa alivuka uwanja kwa miguu yake ya haraka, akasimama mbele ya kinyozi, akatoa kadi ya njano na kumwonyesha.

"Mimi shabiki!" kinyozi akasema. "Huwezi kunipa kadi!"

"Nimeshakupa. Ya pili unajua rangi yake."

Ajabu ni kwamba kinyozi alikaa. Kadi ni kadi.

Jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya ukuta. Katibu alionyesha jua, kisha saa, kisha akajishika kiuno. Refa akapuliza mara ya nne. Ukimya ukashika. Ukafika ishirini, ukafika thelathini. Mshonaji alikuwa akisogeza midomo polepole, na Refa alijua anafanya nini, maana naye alikuwa akihesabu. Sekunde ya thelathini na nne mtu akasimama jukwaa la juu. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, na ndiyo maana kila mtu alimsikia.

"Mimi sinyamazi."

Alikuwa mwashi kutoka karakana ya matofali, mtu mkimya ambaye wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda nje kidogo, kama bawaba iliyofungwa vibaya.

"Siongei kwa fujo, Refa," akaendelea. "Kadi yako tunza. Wanajeshi walinivunja mkono huu mbele ya mwanangu, na hakuna aliyenyamaza dakika moja kwa ajili yangu. Sasa nikikaa hapa kimya itakuwa nimekubali. Sijakubali."

Safari hii hakuna aliyemzomea. Refa alibaki na filimbi mdomoni bila kujua aipulizie nini. Katika kanuni zote za mchezo alizozikariri hakukuwa na kosa lililotendeka.

Mshonaji alinyanyuka. Alipita mbele ya jukwaa, akapanda ngazi za saruji mkoba mkononi, akasimama mbele ya Mwashi.

"Alikuwa yeye?" akauliza.

"Sijui, dada. Walivaa kofia za chuma. Wote walikuwa mtu mmoja."

"Na mimi sijui. Kikosi chake kilitoka siku ile. Nilimuuliza aliporudi. Alikula, akalala, hakunijibu."

Watu waliokuwa karibu walijifanya wanatazama goli.

"Basi unanielewa," Mwashi akasema.

"Nakuelewa. Sikuombi umsamehe. Ungeweza kumtukana sasa hivi nikakuelewa. Ninachoomba ni dakika moja. Ikiisha, njoo uniambie yote, mimi mwenyewe, usinifiche hata tusi. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize."

Mwashi alifikiri. Alikuwa mtu wa kupima kabla ya kuweka tofali.

"Humu ndani siwezi," akasema. "Nitatoka nje. Nje sitamnyamazia, lakini sitakuwa humu."

"Toka," Mshonaji akasema. "Asante."

Mwashi akashuka. Nyuma yake wakanyanyuka wengine kutoka jukwaa la juu, mmoja mmoja, bila maneno. Mlinzi wa geti aliwahesabu thelathini na mmoja. Ishirini na tisa walitoka kwa msimamo na wawili kwa haja ndogo. Kinyozi naye alinyanyuka, akasita, akatazama huku na huku, akakaa. Baadaye alisema alibaki kwa sababu alikuwa tayari na kadi ya njano.

Geti la mabati likafungwa. Mshonaji akarudi kwenye benchi lake. Refa akapuliza filimbi.

Kumi. Kumi na tano, na viganja vya watu viliwawasha lakini vikabaki mapajani. Ishirini na tano. Nje ya geti sauti zilisikika, si kubwa, watu wakizungumza tu, na moja ikacheka. Mshika kibendera wa upande ule, kijana mwaminifu kwa kanuni, akainua kibendera chake juu. Kuna watu wanaongea! Refa alimtazama, akatikisa kichwa. Wako nje ya mstari. Kilicho nje ya mstari hakichezwi. Kibendera kikashuka, saa ikaendelea.

Ilipofika arobaini Refa aligundua kwamba hakuwahi kusimama hapo muda mrefu kiasi hicho bila kazi, akaona vyema amkumbuke marehemu, kwa kuwa ndiyo shughuli yenyewe. Alitafuta akilini siku Mlango alipodaka vizuri. Alipata moja. Mvua ilikuwa inanyesha, penalti, Mlango akaruka kushoto na kuupangua mpira kwa ncha za vidole, kisha akakimbia uwanja mzima kama mwendawazimu. Na yeye Refa aliamuru ipigwe tena, kwa sababu kipa alitoka kwenye mstari mapema. Ya pili akafungwa. Refa alijiuliza, sekunde ya arobaini na nane, kama kweli alitoka mapema. Akaitazama tena picha ile kichwani kwa makini. Alitoka. Hakuwa mtu wa kubadilisha uamuzi kwa sababu mchezaji amekufa. Lakini alidaka vizuri sana.

Hamsini na tano. Mshonaji alikuwa ameacha kuhesabu. Midomo yake ilikuwa imetulia na alikuwa anatazama goli la kaskazini, lile lisilo na nyavu.

Sitini.

Refa akapuliza. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa hawajawahi kufika huku na hawakujua kinachofuata ni nini. Walitazamana kama abiria waliopitiliza kituo. Mwishowe muuza maji akasema polepole, kama anayeuliza, "Maji baridi?" na uwanja ukapumua.

Geti likafunguliwa, wa nje wakaingia. Mlinzi akataka kuona tiketi zao upya, wakamwambia asiwaletee utani, akawapisha. Mpira ukawekwa kati. Muda uliobaki ulitosha vipindi viwili vifupi, kama jua lingekuwa na subira. Mechi ikaanza, na ndani ya dakika tatu Refa alishaitwa kipofu, mla rushwa, na mtoto wa mtu asiyejulikana, akajiona yuko nyumbani.

Mwashi hakurudi jukwaa la juu. Alikwenda moja kwa moja benchi la mbele.

"Ulisema utanisikiliza."

Mshonaji akasogea, akampa nafasi. "Kaa. Anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Refa aliwaona kila mchezo ulipompeleka upande ule: Mwashi akizungumza huku mkono mbovu ukipanda na kushuka, Mshonaji ameinamisha kichwa, hajibu, hakatizi. Kinyozi, aliyekuwa safu ya nyuma yao, alikuwa ameacha kutazama mpira kabisa. Dakika kumi zilipita, kisha kumi na tano. Mwashi alikuwa na mengi.

Mara mpira ukatoka nje, ukabiringika mpaka miguuni pao. Refa akaufuata mwenyewe kuuchukua, na akasikia kipande.

"…mkate bado nilikuwa nao mkononi. Hata sikuuangusha."

"Mkono upi ulishika mkate?"

"Huu mzima. Huu mwingine ndio nilioinua kujikinga, ndiyo maana waliupiga."

Mshonaji akaunyoosha mkono wake, akakishika kile kifundo, akakigeuza kwenye mwanga kama anayetazama mshono wa mtu mwingine.

"Hospitali hawakukunyoosha vizuri," akasema.

"Hawakuninyoosha kabisa."

"Endelea."

Refa alikuwa ameushika mpira kifuani. Nyuma yake wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wameinua mikono, kila mmoja akidai mpira wa kurusha ni wao, na majukwaa yote mawili yalikuwa yameanza kumtaja mama yake. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kukosa kuona nani amegusa mwisho.

"Refa! Nani anarusha?"

Akamtupia mchezaji wa karibu. "Rusha wewe," akasema, na hakuwa ameangalia ni wa timu gani.